Bwawa Likishuka, Usikimbilie Jembe

Maoni ya mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Msomaji mpendwa, wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Wengi wetu tukisikia methali hii tunafikiria pesa za benki ama mahindi ya ghalani. Leo nataka kukuonyesha akiba nyingine ambayo hakuna mtu aliyeiweka kwa mkono wake, na ambayo sisi wanafunzi wa kutwa tunaikanyaga kila jioni tukirudi nyumbani. Hizo ni mbegu zilizolala ndani ya tope la bwawa. Hoja yangu ni moja tu. Maji ya bwawa yanaposhuka, ule ukanda wa tope unaobaki wazi usilimwe wote mpaka kwenye maji. Sehemu yake iachwe. Najua wako watakaonikasirikia, hata huko kwetu nyumbani, lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Kwanza niwaeleze wasomaji wa mbali. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka wa 1981. Ndilo la kwanza kupokea maji ya Mto Tana kabla hayajafika Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ndilo kubwa pia. Lilipojengwa lilikuwa na uwezo wa kubeba maji karibu mita za ujazo bilioni 1.56, na likijaa hufunika eneo la kilomita mraba 120 hivi. Kazi yake ni kuweka maji ya msimu wa mvua ili wakati wa kiangazi mabwawa ya chini yapate ya kuzungusha mitambo ya umeme. Kwa sababu hiyo maji yake hayakai mahali pamoja. Mwaka wa 2009 ukame ulikuwa mkali hata mitambo ya Masinga ikazimwa kwa uchache wa maji. Mwaka wa 2024, wakati wa masika, mambo yakageuka. Mabwawa ya Tana yalijaa yakafurika, na ndugu zetu wa Garissa na Tana River wakahama makwao. Kati ya miaka kama hiyo miwili kuna kupanda na kushuka kwa kila msimu, na ukingo wa bwawa husogea kama mtu asiyeweza kulala.

Sasa, maji yakishuka huonekana nini? Siku za kwanza ni tope jeusi lenye harufu mbaya. Halafu jua linalichoma, linaanza kupasuka vipande vipande kama chapati iliyokauka. Ukipita hapo utasema pamekufa kabisa. Lakini subiri majuma mawili au matatu, hasa pale penye unyevunyevu. Utaona vijani vidogo kama sindano. Baadaye unatambua ndago, nyasi za aina aina, na mahali pengine matete machanga. Hakuna aliyepanda. Watu wa kwetu husema, "Ni Mungu tu." Mimi sibishi, ni Mungu. Lakini Mungu naye ana utaratibu wake, na utaratibu huo unaweza kusomwa.

Mimea ya majini na ya ukingoni hutoa mbegu nyingi mno, nyingine ndogo kuliko chembe ya mchanga. Mbegu hizo huanguka majini, hupeperushwa na upepo, hushikamana na miguu ya ndege na kwato za ng'ombe. Mwishowe zinazama na kufunikwa na tope. Huko chini haziozi zote. Nyingi zina ganda gumu, na tope lililojaa maji halina oksijeni ya kutosha, kwa hivyo mbegu haipumui sana wala haioti. Inalala.

Ni nini kinachoiamsha? Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza mambo matatu, nami nikayashika. La kwanza ni hewa: maji yakiondoka, oksijeni inaingia kwenye tope. La pili ni mwanga. Mbegu ndogo ina chakula kidogo sana ndani yake. Ikichipua ikiwa chini sana, itaishiwa na nguvu kabla ya kufika juu. Kwa hivyo mbegu nyingi za aina hii hungoja mpaka zione mwanga. (Mahindi hayana shida hiyo kwa sababu punje yake ni kubwa, imebeba posho ya safari.) La tatu ni joto linalobadilika. Chini ya maji joto la mchana na la usiku halitofautiani sana. Tope likiwa wazi, mchana ni moto na usiku ni baridi. Mbegu haina saa wala kalenda, lakini kwa mabadiliko hayo inajua kwamba maji yameondoka na wakati wake umefika.

Usidhani haya ni maneno ya darasani tu. Charles Darwin, yule mtaalamu wa Uingereza, alichukua vijiko vitatu vikubwa vya tope kutoka sehemu tatu za kidimbwi kidogo. Tope lote lilitosha kwenye kikombe kimoja cha chai. Akaliweka chumbani mwake limefunikwa kwa miezi sita, akawa anang'oa kila mche unaotokea na kuuhesabu. Alipata miche 537! Aliandika habari hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1859. Huko Marekani, mwaka wa 1879, mtaalamu aitwaye William Beal alizika chupa 20 zenye mbegu ili wenzake wa baadaye wawe wakizifukua moja moja. Mwaka wa 2021 walifukua moja yazo, na baada ya miaka 142 bado baadhi ya mbegu ziliota. Na huko China, mbegu za yungiyungi takatifu zilizotolewa kwenye tope la ziwa lililokauka ziliota zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Kwa kweli, akiba haiozi.

Tena si mbegu chache. Wataalamu Arnold van der Valk na Craig Davis walichunguza kinamasi kimoja katika jimbo la Iowa, wakachapisha matokeo mwaka wa 1978. Katika sentimita 5 tu za juu za tope walipata zaidi ya mbegu 20,000 kwa kila mita moja mraba. Mita moja mraba ni sehemu ya kuweka dawati la mwanafunzi mmoja! Katika miaka ya 1980 jaribio kubwa zaidi lilifanywa katika kinamasi cha Delta, Manitoba, nchini Kanada. Maji yalijazwa kupita kiasi kwa miaka miwili mpaka matete yakafa. Kisha yakapunguzwa, tope likabaki wazi, na mbegu zilizozikwa zikaota. Maji yaliporudishwa, mimea iliyokwisha kukomaa iliendelea kuenea kwa mizizi yake, lakini mbegu za matete hazikuota tena chini ya maji ya kina. Maana yake ni kwamba kile kipindi kifupi cha maji kushuka ndicho mlango wenyewe. Ukifungwa, mpaka ungoje mwingine.

Hapa kwetu Kenya tunao mfano wa Ziwa Naivasha. Ziwa hilo si bwawa la kujengwa na binadamu, lakini maji yake hupanda na kushuka sana. Mapema katika miaka ya 1970 maji yalishuka, na mtaalamu John Gaudet akafuatilia kilichoota kwenye tope lililoachwa. Utafiti wake ulichapishwa mwaka wa 1977. Aliona kwamba mafunjo, ambayo watu wengi hudhani huenea kwa mizizi peke yake, yalianza upya kutoka kwa mbegu kwenye tope bichi la ukingoni. Maji yaliporudi, mafunjo yale yalikuwa tayari yameshikana. Hivyo ndivyo kinamasi kipya kinavyozaliwa. Bila ile miezi ya tope wazi, na bila mbegu kuachwa zikue, kinamasi hakizaliwi.

Sasa turudi Masinga. Maji yakishuka tu, kesho yake utaona watu wameshika majembe. Kila mtu anapima kipande chake akifuata maji, na kipande cha chini kabisa ndicho kinachogombaniwa kwa sababu kina unyevu. Tunapanda kunde, maharagwe, mahindi na sukuma wiki. Nasema "tunapanda" kwa sababu mama yangu naye analima huko, na mimi humsaidia Jumamosi. Pesa zangu za chakula cha mchana shuleni muhula uliopita zilitoka kwa kunde za bwawa. Kwa hivyo mtu asije akaniambia eti sijui njaa ni nini.

Hata hivyo nasema tunakosea hesabu. Fikiria jembe linafanya nini. Linazika chini mbegu zilizokuwa juu, na kuzileta juu zile zilizokuwa chini. Hizo za juu zinaona mwanga, zinaota pamoja na kunde. Sisi tunaziita magugu, tunapalilia kabla hazijatoa maua. Msimu ujao tunafanya vilevile. Kila mara tunatoa kwenye akiba na hatuweki chochote. Mwenye kibubu ambaye kila siku anatoa shilingi na haongezi hata senti, siku moja atakivunja akute hewa. Mbegu zinaweza kukaa miaka mingi, ndiyo, lakini si kwamba haziishi. Hujazwa upya na mimea iliyopata nafasi ya kukua, kuchanua na kumwaga mbegu kabla maji hayajarudi.

Kuna jambo la pili linaloizika akiba hii, nalo ni udongo unaotoka milimani. Kila mvua ikinyesha, Tana na mito yake midogo huleta maji mekundu. Udongo ule hutua bwawani. Mbegu zikifunikwa na udongo mzito, hata maji yakishuka hazitaona mwanga. Na hapa ndipo watu hawaoni uhusiano: matete na nyasi za ukingoni ndizo zinazozuia udongo wa mashamba ya karibu usiingie bwawani. Tukiziondoa, udongo unaingia zaidi, unazika mbegu zaidi, na bwawa lenyewe linajaa tope badala ya maji. Bwawa likijaa tope, umeme unapungua na maji ya kunywa yanapungua. Hasara hiyo haitabaki Masinga peke yake, itafika mpaka kwa mtu aliyekaa Nairobi anawasha taa.

Faida za mimea hiyo ni nyingi, nami nitataja chache. Samaki wadogo hujificha kati ya mashina yake wasiliwe na wakubwa, kwa hivyo mvuvi anayelalamika kwamba samaki wamepungua aanze kuuliza matete yalikwenda wapi. Ndege hutaga humo. Wakati wa kiangazi kikali, nyasi za bwawa ndizo zinazowapa ng'ombe chakula wakati huko juu hakuna hata jani. Nyanya yangu hufuma mikeka kwa nyasi ndefu za ukingoni. Siku hizi analazimika kutembea mbali kuzitafuta, na umri wake si wa kutembea mbali. Yeye na mama wanakaa boma moja, mmoja analia nyasi zimekwisha na mwingine analia kunde hazitoshi, na wote wawili wanasema kweli.

Tulipojadili jambo hili darasani, wenzangu walinipinga kwa maneno makali. Hebu niyajibu moja baada ya jingine.

Wa kwanza aliuliza, "Kwani magugu yana haki kuliko watu?" La hasha. Sijasema bwawa lote liachiwe nyasi. Nasema ukanda ule wa mwisho, ulio karibu kabisa na maji, ndio uachwe. Tufikirie pamoja: ni shamba gani linalofunikwa kwanza maji yakipanda ghafla? Ni hilo hilo la mwisho. Mara ngapi tumeona maharagwe yenye maua yakizama kabla ya kuvunwa, na mbegu, mbolea na jasho vikaenda na maji? Mkulima anayeliacha halipotezi sana, maana mavuno yake ni ya bahati nasibu. Tena hapo ndipo mamba na viboko hupita. Na dawa tunayonyunyizia sukuma wiki hapo haina safari ndefu, inaingia majini, na maji hayo ndiyo tunayochota jioni.

Wa pili alisema kwamba matete huficha nyoka na mbu. Ni kweli nyoka wako. Ndiyo maana watu waache njia za wazi za kuchotea maji na za kunyweshea mifugo, na matete yawe kwingine. Kuhusu mbu, tusisahau kwamba nao huzaana katika vidimbwi vinavyobaki kwenye nyayo za ng'ombe na mitaro ya mashamba yetu ya ukingoni. Kufyeka matete peke yake hakujamaliza malaria.

Wa tatu, ambaye ni rafiki yangu wa chanda na pete, alileta hoja nzito zaidi. Alisema bwawa si ziwa la asili. Kabla ya 1981 pale palikuwa mto, vichaka na mashamba ya watu, kwa hivyo hiyo akiba ya mbegu ilitoka wapi? Ni swali zuri. Mbegu nyingi za mimea ya majini zililetwa baadaye na mto, upepo, ndege na mifugo. Akiba ya bwawa basi ni changa kuliko ya ziwa la zamani. Lakini hiyo inanipa nguvu mimi, si yeye. Mtu mwenye akiba changa ndiye anayepaswa kuitunza zaidi, kwa kuwa hana nyingine ya kurithi. Pia nakubali kwamba si kila kinachoota ni kizuri. Tope huhifadhi mbegu za magugu mabaya pia, gugu maji likiwa mojawapo, na hayo yang'olewe. Kung'oa mmea mmoja mbaya ukiujua kwa jina ni tofauti na kulima kila kitu.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne.

Kwanza, wazee wa kijiji, chifu na wakulima wakae chini wakubaliane juu ya ukanda wa kuachwa, tuseme hatua 30 kutoka kwenye maji, nao usogee maji yanaposogea. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inalinda maziwa, mito na ardhi chepechepe, lakini sheria bila makubaliano ya watu ni karatasi tu. Ukanda uliokubaliwa na majirani hulindwa na majirani.

Pili, pale pasipoweza kuachwa kila mwaka, tulime kwa zamu. Upande mmoja wa ghuba upumzike msimu huu, mwingine upumzike msimu ujao. Mimea inahitaji msimu mmoja tu mzuri ili irudishe mbegu ghalani.

Tatu, tuangalie vibwawa vyetu vidogo, vile tunavyoviita silanga. Vikikauka, trekta huletwa kuchimbua tope ili vipate kina. Kazi hiyo ni ya lazima, siipingi. Lakini lile tope la juu, sentimita chache tu, lichotwe kwanza liwekwe kando, kisha lirudishwe kwenye kingo kazi ikiisha. Kuna silanga moja karibu na kwetu ambapo tope lote lilipelekwa mbali, na sasa ukingo wake uko mtupu na kila mvua inauangusha. Tope lile halikuwa takataka, lilikuwa mbegu.

Nne, ninawageukia ninyi wanafunzi wenzangu. Msiniamini kwa maneno. Chukueni mikebe miwili mikuukuu ya mafuta ya kupikia. Wekeni tope la bwawa ndani ya yote miwili. Mmoja mwagilieni kidogo kila siku tope libaki bichi tu, mwingine jazeni maji yasimame juu ya tope kama urefu wa kiganja. Viwekeni mahali penye jua, mwandike kila juma mlichoona. Darwin hakuwa na maabara ya kutisha, alikuwa na kikombe na subira. Tarehe 2 Februari kila mwaka ni Siku ya Ardhi Chepechepe Duniani. Mbona tusiwaalike wazazi siku hiyo waje waone mikebe yetu? Mama akiona kwa macho yake kile kilichomo ndani ya kijiko cha tope, atanisikiliza zaidi kuliko nikimhubiria.

Ndugu msomaji, si lazima tuchague kati ya sahani ya kunde na ukingo wenye matete. Bwawa hushuka na kupanda, nasi tunaweza kushuka na kupanda nalo bila kulinyang'anya kila kitu linachoacha wazi. Maji yatashuka tena kiangazi kijacho, hilo halina shaka. Siku hiyo nitakuwa shambani na mama kama kawaida, na nimekwisha kumwomba tusimamishe majembe hatua 30 kabla ya maji. Bado hajanijibu. Nangoja, na ninawaomba nanyi mwulize makwenu. Nakunja jamvi.